Bushuti la Babu

Neno hili sijalisikia mdomoni mwa mtu kwa miaka mingi, na ndiyo maana naliandika kabla halijanitoka na mimi. Bushuti. Mwalimu mmoja anayenunua karoti kwangu hapa sokoni Lushoto nilimuuliza kama analijua. Akafikiri, akasema, "Hilo ni joho, mama."

Nikamwambia joho nalijua. Joho ni lile wanalovaa watoto wa chuo siku ya kumaliza, wanapiga picha halafu wanalirudisha. Bushuti halirudishwi.

Akacheka. "Basi leo wewe ndiye mwalimu."

Mimi niliishia darasa la tano. Sababu yake nitaisema, na aliyeisababisha nitamsema pia. Jina lake sitaliandika, maana ana wajukuu wasio na kosa, lakini undugu wake siufichi: ni baba yangu mdogo, mdogo wake baba, waliotoka tumbo moja.

Nje ya nyumbani kwetu, mtu mmoja tu nimewahi kukutana naye anayelijua neno hilo, mzee kutoka Pangani aliyekuwa akipandisha nazi na dagaa siku za soko. Aliposikia nalitamka aliweka kikapu chini. "Bushuti! Bibi yangu ndiye alikuwa akisema hivyo. Vazi la sufu, zito, wanajitupia mabegani juu ya kanzu, watu wenye nafasi zao. Wewe huku milimani nani kakufundisha?"

"Babu yangu."

"Alikuwa mtu wa pwani?"

"Alikuwa mtu wa kabichi."

Alicheka mpaka akakohoa. Siku hiyo aliniongeza nazi mbili. Lakini maana aliyonipa ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa nyumbani kwetu tu, kwenye kigongo kile juu ya mto, mwendo wa asubuhi nzima kutoka hapa mjini kwa miguu.

Baba yake babu alishuka pwani akiwa kijana kwenda kubeba mizigo ya watu. Alirudi na vitu viwili, homa na bushuti. Homa iliisha. Bushuti likabaki, na neno lake likabaki nalo, hata watu wa kigongo chetu ambao Kiswahili chenyewe walikisema kwa kukikwepa, nyumbani wakiongea Kishambaa kutwa, neno hilo walilitamka hivyo hivyo kama lilivyopanda kutoka Pangani.

Nililikuta limeshakuwa zee. Zamani labda lilikuwa jeusi, mimi nililijua likiwa rangi ya udongo uliolowa. Shingoni palikuwa na uzi wa dhahabu, umebaki vipande vipande. Halikuwa na kifungo hata kimoja. Babu alikuwa akilitungua msumarini, analitikisa mara moja, analizungusha mgongoni, na lenyewe linatulia mabegani kama linajua mahali pake. Lilinuka moshi, tangawizi na ugoro. Mpaka leo nikipita mahali mtu anavuta ugoro, mwili wangu wote unarudi kwenye kile chumba.

Nyumbani tulikuwa na namna zetu za kulitumia neno. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka mpaka huoni mgomba wa mbele yako, bibi mdogo alisema, "Leo ni siku ya bushuti," maana yake hakuna wa kwenda shamba mapema, tuote moto kwanza. Huyu bibi mdogo alikuwa mdogo wake bibi yangu, mjane, aliyekuja kumzika dada yake akabaki kumpikia shemeji yake. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe lake. Halafu tukisikia, "Mzee kavaa bushuti," na ukungu haupo, watoto tulinyamaza wenyewe. Maana yake kuna shauri. Kuna mtu kampiga mkewe, au kuna mifugo imeingia kwenye maharage ya watu. Babu akiwa ndani ya bushuti hakuna aliyepandisha sauti, hata walevi.

Na namna ya tatu ndiyo kubwa. Kuingia bushuti.

Mtu ambaye hakuzaliwa kwenye nyumba yetu, na nyumba imemkubali, babu alimwita uani mbele ya watu, akafungua upande mmoja wa bushuti, akamfunika mtu mzima mzima, kichwa na miguu. Kisha akasema, "Huyu ameingia." Watu wakajibu, "Ameingia." Basi. Hapakuwa na hotuba. Baadaye mnakula sinia moja. Aliyeingia ni mtoto wa nyumba kama wa kuzaliwa, hafukuzwi, hakumbushwi kwao alikotoka, na siku anayelivaa bushuti akifa, anayelipokea analipokea pamoja na watu wote waliofunikwa ndani yake. Hilo babu alilirudia mara nyingi. "Hili vazi halina mfuko," alisema, "lakini lina watu."

Mama yangu aliingia hivyo. Alitoka Bulwa, kwenye chai, mtoto wa wachumaji, na wazazi wake wenyewe walikuwa wageni kule. Alipoolewa hakuja na ndugu hata mmoja wa kumsindikiza. Mama alinihadithia tukichambua mboga: "Nilikuwa natetemeka, sijui ni baridi sijui ni woga. Yule mzee akanifunika. Giza. Nikasikia moyo wake unapiga puu, puu. Nikajisemea, hapa sitoki."

Nikamuuliza, "Ulilia?"

"Nilipiga chafya. Ule ugoro!"

Alikuwa anacheka vizuri mama yangu. Mdomo wote.

Sasa niseme la mlima.

Juu ya nyumba yetu, sisi na baba na mama, kulikuwa na msitu mdogo wa ukoo. Miti mikubwa, mizizi yake imetoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Babu alikataza hata kuni za pale. Alisema ile miti imeshika mlima. Baba mdogo yeye alikuwa na marafiki wenye misumeno. Alimwomba babu, babu akakataa. Akamwomba tena mbele ya watu, babu akamjibu akiwa amevaa bushuti, kwa hiyo lilikuwa neno la mwisho. Basi akampitia mbali. Akaenda kwa mtendaji wa kijiji wa wakati ule, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, na yule mtendaji akagonga muhuri kwamba miti ni ya baba mdogo, bila kukanyaga mlimani hata siku moja. Hao ndio wawili ninaowataja. Mmoja alikata na mwingine aligonga muhuri. Mtendaji alishakufa, sijui aliulizwa nini huko alikokwenda.

Masika ya mwaka uliofuata mlima ulishuka. Ilikuwa asubuhi, nimechelewa shule kwa sababu ya mvua. Nilikuwa jiko la nje napuliza moto. Nilisikia mlio kama lori kubwa linapanda kona, nikashangaa, maana barabara ya lori haiko kwetu. Ndilo jambo la mwisho nililolishangaa kama mtoto. Tope lilinibeba na jiko lenyewe mpaka kwenye migomba, likanikaba mpaka kifuani. Nyumba ilikuwa nyuma yangu. Sikuweza kugeuza shingo. Waliponifukua na kunigeuza, nyumba haikuwepo. Baba, mama, kaka yangu, na mdogo wetu aliyekuwa bado ananyonya. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Watu husema nilipona. Ndiyo, nilipona.

Baada ya maziko, watu wakiwa bado uani kwa babu, miguu yao imejaa tope jekundu, babu aliingia ndani akatoka amevaa bushuti. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, nimevaa gauni la kuazima. Bibi mdogo akamwambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, huyu ni damu yako. Wa damu hafunikwi."

Babu akasema, "Leo hana nyumba aliyotoka. Ataingia ya kwangu."

Akanifunika. Lile giza alilolisema mama nikaliona. Moshi, tangawizi, ugoro. Na moyo wa babu, lakini haukupiga puu, puu kama alivyosema mama. Ulikuwa unakimbia. Nikajua babu anaogopa, na nilipojua hivyo ndipo nikalia kwa mara ya kwanza tangu tope.

"Huyu ameingia," nikasikia.

"Ameingia," wakajibu. Sauti nyingi. Na mojawapo, karibu kabisa na sikio langu, ilikuwa ya baba mdogo. Alijibu. Naiapia sauti ile.

Shule sikurudi. Daftari zilikuwa chini ya mlima, na babu mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Sikulalamika. Miaka minane iliyofuata ndiyo naiota mpaka leo, na si ndoto za kutisha. Babu alinipa ngazi tatu za shamba bondeni, kando ya mto, pale maji yanaingia kwenye mfereji bila kubembelezwa. Akasema mbele ya bibi mdogo, hili ni la mtoto wangu wa mwisho. Nikalima kabichi na karoti. Kabichi za pale zilikuwa kubwa, ukizipiga kofi zinaitika. Asubuhi babu alishuka na fimbo yake, amejitupia bushuti, anakaa kwenye jiwe ananitazama namwagilia, ananikosoa kila kitu.

"Unawapa maji kama unawafokea," anasema.

"Babu, kabichi hazisikii."

"Mimi nasikia."

Jua likichomoza juu ya kigongo cha pili, ukungu unaanza kupanda kutoka mtoni, sufu yake inafuka moshi mwembamba kwa unyevu, babu mzima anafuka kama chungu. Nilikuwa namcheka. Na yeye anapanua mikono anasema, "Njoo uote." Nilikuwa msichana mkubwa tayari, lakini naenda.

Alikufa mwezi wa nane, kifua. Niseme Mungu alimpunguzia, maana hakuona yaliyofuata.

Siku ya arobaini, dua imekwisha, watu wamekula, wazee wamebaki uani. Baba mdogo akatoka chumbani kwa babu. Amevaa bushuti. Lilikuwa limemkaa vibaya, yeye ni mfupi, linaburura. Akakaa kwenye kiti cha babu. Moyo wangu mimi, niseme ukweli, ulifurahi. Nilifikiri: amelipokea, basi na mimi amenipokea. Ndivyo tulivyofundishwa. Nikajiandaa hata kwenda kumshika mkono.

Akasema shamba la bondeni atalima yeye kuanzia msimu huo. Mimi ni mtoto wa kike, nitaolewa, nitakwenda na mume wangu.

Nikasema, "Baba mdogo, babu alinifunika."

"Alikufunika kwa sababu kulikuwa na mvua," akasema. "Mzee aliona mtoto anatetemeka, akamkinga na baridi. Nani asingefanya vile?" Akawatazama wazee. "Na hata kwa dini yetu, mjukuu ambaye baba yake ametangulia hana fungu mbele ya mtoto aliye hai. Au nasema uongo?"

Kwa dini sijui, sikusoma. Lakini mimi sikuwa nimeomba fungu la mjukuu. Mimi nilikuwa mtoto.

"Watu walijibu," nikasema. "Na wewe ulijibu. Nilikusikia."

"Watu wanajibu mengi msibani." Akashika ncha ya bushuti, akaitikisa kidogo. "Hii ni nguo tu, mwanangu. Nguo."

Wazee walikuwa saba au wanane. Nusu yao walikuwepo siku ile ya tope. Mmoja akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Mwingine alitazama kuku. Hao nao nawataja, wazee wa kigongo chetu. Walikula kwetu, walijibu "ameingia" kwetu, na siku moja tu walipotakiwa kulirudia neno lile walitazama kuku.

Ndipo bibi mdogo, aliyekuwa mlangoni anaosha masinia, akasema bila kuinua kichwa:

"Kama ni nguo tu, ivue."

Nilisikia maji yanachuruzika kwenye sinia.

"Nini?"

"Umekaa kwenye kiti cha shemeji yangu, unagawa mashamba, jua linawaka, na umevaa sufu. Kama ni nguo tu, baridi iko wapi? Ivue. Tuongee na wewe na shati lako."

Mzee mmoja alicheka kwa bahati mbaya, akajifanya anakohoa. Baba mdogo alikuwa na jasho limemjaa usoni, na kila mtu aliliona. Alikosea kitu ambacho mtu wa kwetu tu angekosea. Alitaka heshima ya bushuti, hakutaka watu waliomo. Angekuja na shati lake tangu mwanzo, labda nisingekuwa na la kusema.

Akasimama. Akalivua kwa hasira, likamnasa shingoni, akalivuta, uzi wa dhahabu ukakatika. Akanirushia mapajani. "Haya. Chukua nguo yako."

Akabaki na shati. Shamba pia akabaki nalo, kwa karatasi, muhuri ukatoka mahali pale pale ulipotoka ule wa miti. Mwezi haukuisha nikashuka Lushoto na bushuti ndani ya kiroba cha mbolea. Bibi mdogo alinisindikiza mpaka njia panda. Hakunipa maneno ya hekima. Alinipa viazi vya kuchemsha, akasema, "Usilifue na sabuni ya unga, litakufa."

Nimekaa mjini zaidi ya miaka ishirini na mitano sasa. Nilipanga, nikazaa binti mmoja, nikajenga vyumba viwili upande wa juu wa soko. Nauza karoti, peasi na fyulisi wakati wake. Bushuti liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Wadudu wamelitoboa, nimelishona hapa na pale kwa uzi wa viatu. Binti yangu yuko Tanga, na kila akija anasema, "Mama, hilo koti la marehemu lichome, mitumba imejaa makoti mazuri." Mitumba naijua. Makoti ya Wazungu yana vifungo, yana mifuko, na ndani hamna mtu. Binti yangu nilimfunika siku ya saba alipozaliwa. Nilisema mwenyewe na nikajiitikia mwenyewe, hapakuwa na mwingine. Hana habari.

Mwaka huu mwezi wa saba, mchana, ukungu umekaa juu ya mji tangu alfajiri, nimefunga biashara mapema kwa sababu wateja hawaonekani. Mlango ukagongwa. Nikafungua. Baba mdogo.

Sikumtambua mara moja. Amekuwa mdogo. Shati jepesi, kofia imelowa, na bahasha ya hospitali ameikumbatia kifuani. Mdomo wangu ulisema "shikamoo" wenyewe. Tulivyolelewa ndivyo, hata adui akiwa mkubwa wako anapata shikamoo yake.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Mwanangu.

Alikuwa ameshuka kupima kifua. Gari la kurudi juu limeharibika, la pili halijulikani, na baridi ilikuwa imemwingia. Wanawe walikuwa wameshagawana mashamba yeye akiwa hai, lile la bondeni mmoja wao ameliuza kwa mtu wa mjini anayejenga nyumba ya wageni. Alinieleza hayo bila mimi kumuuliza, anatazama sakafu. "Nalala chumba cha kuku siku hizi," akasema, akajaribu kucheka. "Kuku wenyewe wamehamishwa."

Nilimwekea chai ya tangawizi. Nilimwekea viazi. Alikuwa anatetemeka mpaka kikombe kinalia kwenye sahani. Nikaenda chumbani, nikatoa blanketi kitandani kwangu, zuri tu, jipya, zito, nikamwekea mabegani.

Alisema ahsante. Halafu macho yake yakapita juu ya bega langu yakatua nyuma ya mlango.

"Bado unalo."

"Ninalo."

Kisha akasimama, blanketi limemfunika, akaenda taratibu kama anakwenda kutazama tu. Akanyoosha mkono. Vidole vilikuwa karibu viguse pindo, pale uzi wa dhahabu ulipokatika siku ile. Nilisimama na birika mkononi. Kama angelitungua nisingemzuia, nawaambia ukweli, kwa sababu pia nilikuwa nataka kuona. Lilikuwa karibu na vidole vyake, na lina joto kuliko blanketi, anajua.

Akarudisha mkono.

Akarudi kukaa. Akanywa chai yake yote, na mimi nikamwongeza. Mpaka gari lilipopatikana saa kumi hakutazama tena upande ule. Nilimwambia blanketi aende nalo, na akaenda nalo.

Zaidi ya miaka ishirini na mitano nimekuwa nikibishana naye kichwani, nikiosha karoti, nikizipanga mafungu, naleta mashahidi, naleta maneno ya babu. Siku ile sikubishana. Kama ingekuwa nguo tu, angeichukua.